Shajara ya mradi: Peugeot 404 Injection inarudishiwa pampu yake

Machi: kibati kinasema 404KF

Nimeamua kuandika hii kazi kadiri inavyokwenda maana hizi gari zimebaki chache sana na kila mtu anayezijua anajua kipande tu, ukimuuliza fundi wa pampu hajui hedi (kifuniko cha juu cha silinda, chenye valvu), ukimuuliza wa hedi hajui pampu.

Gari ni Peugeot 404 sedani ya 1966, nimeinunua hapa Arusha kwa familia iliyokaa nayo miaka mingi. Kila anayepita gereji anasema aah Pijo hiyo, mzee wetu alikuwa nayo, zilikuwa hazifi hizo. Kweli kabisa, hazifi, na watu wanaikumbuka 404 kama gari ya kubebea familia na mizigo, basi. Lakini mimi nilipofuta vumbi kwenye kibati nikakuta 404KF, nikafuta tena kuhakikisha. Hizo KF ndo habari yenyewe. Ni Kugelfischer, kampuni ya Kijerumani iliyotengeneza pampu ya kupulizia petroli kwa kila silinda peke yake, na Peugeot wakaifunga kiwandani kwenye gari ambayo kwa nje ni sedani ya mwalimu mkuu, sura ile ile iliyochorwa na Pininfarina, wabunifu wa magari wa Italia, gia zile zile za kwenye usukani.

Sasa nafungua boneti, pampu hakuna. Kuna kabureta moja imekaa pale na waya zimefungwafungwa. Hedi pia siyo yake. Kwa hiyo mradi ni huu: hii gari irudi kuwa KF kamili. Watu wawili wameshaniambia niiache hivi hivi inatembea. Inatembea ndiyo, ila haitembei kama ilivyotoka kiwandani, na hicho ndo ninachokitaka.

Machi, mwishoni: kwa nini nahangaika

Ngoja niweke namba maana bila namba mtu ataona ni mapenzi tu. 404 ilitoka 1960, injini cc 1618, kipenyo cha silinda 84 mm na mwendo wa pistoni 73 mm, nguvu farasi 72 kwa kipimo cha SAE kile cha zamani. (Ukipiga hesabu kila silinda moja inabeba cc 404 na nukta, nimeipenda sana hiyo.) Halafu 1962 ikaja sedani yenye injeksheni, farasi 85. Kuanzia modeli za 1965 wakabadilisha krenkishafti kutoka beringi kubwa tatu kwenda tano, na ya injeksheni ikapanda mpaka 96. Cc ni zile zile! Yaani kutoka 72 hadi 96 ni ongezeko la theluthi nzima bila kuongeza hata tone la ukubwa wa injini, na spidi inapita 160 kwa saa. Gari ya familia ya miaka ya 60 hiyo.

Na ilishinda nini? Safari Rally, hapa hapa kwetu. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda na 404, zikaanza gari 84 zikamaliza 7 tu. Halafu 1966 na 1967 mfululizo akashinda Bert Shankland, aliyekuwa anaishi Tanzania, na msomaji ramani wake Chris Rothwell, wote kwenye 404 Injection. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff tena, na mwaka huo nao zikamaliza 7 tu. Kipindi hicho mashindano ni Pasaka, mvua za masika zenyewe, kama kilomita 5,000 kupita nchi tatu, na sehemu kama Mbulu zilikuwa zinatisha madereva kweli kweli. Baadae zikaja Datsun zikachukua 1970 na 1971, halafu watu wakaanza kuongelea 504, Peugeot iliyokuja baada ya hii, na hii ikasahaulika katikati. 504 yenyewe ilivyopewa injeksheni ilifuata njia ile ile ya Kugelfischer iliyofunguliwa na hii.

Aprili: hedi

Nimepata hedi ya KF. Imekaa kwa jamaa Moshi chini ya meza ya kazi, hajui ni ya nini, alikuwa anajua tu ni ya Peugeot na haiingii kwenye kabureta. Bila shaka haiingii! Hapa ndo watu wengi wanakosea wakidhani 404 ya injeksheni ni 404 ya kabureta iliyotolewa kabureta ikawekwa pampu.

Kwenye ile ya kawaida, njia ya hewa imemiminwa ndani ya hedi yenyewe, kabureta inakaa juu pale inalisha silinda zote nne kupitia chumba kimoja. Ni rahisi, ni imara, hakuna gasketi nyingi za kuvuja, lakini silinda hazipati sawa. Petroli ni nzito kuliko hewa, ikifika kwenye kona inapiga ukuta inabaki imelowana pale, kwa hiyo silinda moja inapata mchanganyiko mzito (petroli nyingi) na nyingine mwepesi (petroli kidogo), na wewe fundi unalazimika kuiset injini nzima kwa kufuata ile yenye njaa zaidi isije ikagonga. Hedi ya KF ina milango minne ya hewa, kila silinda wake, na kila mlango una bomba lake refu linalotoka kwenye kikusanyio kimoja cha hewa. Kwenye mabomba inapita hewa tu, petroli inapuliziwa mwishoni karibu na valvu. Kila silinda inapata kipimo chake, na kwa sababu hakuna yenye njaa, wakaweza kupandisha kompresheni, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, mpaka 8.8 kwa 1, wakati ya kabureta ilianza na saba na nukta.

Vyumba vya kuchomea ni vya duara la nusu tufe, valvu zimelala huku na huku, plagi ziko katikati zimezama kwenye mirija. Na yote hayo kamshafti iko chini pembeni ya bloku, inasukuma valvu kwa vijiti. Mtu akikwambia injini ya vijiti haiwezi kupumua vizuri mwoneshe hii.

Hedi ni aluminiamu, imeliwa kidogo karibu na njia za maji, nimeipeleka mashine shop wameijaza na kuisawazisha. Siti za valvu ni nzima.

Mei: injini imelala

Injini ya 404 imelazwa digrii 45 upande wa kulia. Watu huwa wanasema ni kwa ajili ya boneti kuwa chini, ni kweli, ila kwenye KF unapata faida nyingine, unapata nafasi upande wa juu kuweka yale mabomba marefu ya hewa bila kuyakunja ovyo. Urefu wa bomba una maana, hewa ikiwa kwenye mwendo haitaki kusimama, valvu inapokaribia kufunga bado inajisukuma kuingia. Ukikata bomba fupi unapoteza nguvu za katikati, na hizo ndo za kupandia mlima.

Kuondoa hedi kwenye injini iliyolala kuna jambo moja nimelizingatia toka mwanzo. Slivu za hii injini, yaani mirija ambamo pistoni zinapanda na kushuka, ni za maji, yaani hazijabanwa ndani ya bloku, zimekaa zimezungukwa na maji, chini kuna gasketi nyembamba na juu zinashikiliwa na hedi. Ukitoa hedi ukazungusha krenki slivu zinanyanyuka, zile gasketi za chini zinaharibika, maji yanaingia kwenye oili. Kwa hiyo kabla ya chochote nimechonga vibanio vinne vya kuzishika. Na wakati wa kurudisha, slivu lazima zitokeze kidogo sana juu ya bloku, kila moja sawa na mwenzake, tumepima moja moja na dayo geji. Fundi wangu hapa hana haraka na hilo, amepima, akabadilisha gasketi ya chini ya silinda ya tatu, akapima tena. Kazi ya namna hii ndo inafanya injini ikae miaka ishirini.

Beringi zote tano za krenki ziko vizuri, tumeweka mpya tu kwa sababu tumeshafungua.

Juni: pampu imefika

Pampu imetoka Ufaransa, ilikuwa imefungwa kwenye 404 iliyokatwa kwa kutu. Nilivyoifungua boksi nilikaa nayo mezani muda mrefu sana naiangalia tu.

Nimeipeleka kwa mzee mmoja fundi pampu za dizeli, mtu mzima wa kuheshimika, nilimwamkia shikamoo mzee, nikamwambia mzee wangu hii ni ya petroli. Akaigeuza akacheka kidogo akasema "Mwanangu, pampu ni pampu, ina pistoni, ina kamu, ina valvu za kutolea. Tofauti ni nani anaiamuru." Na kweli akawa amegusa penyewe.

Inavyofanya kazi: ndani kuna pistoni nne ndogo, moja kwa kila silinda ya injini, zinasukumwa na kamshafti ya pampu ambayo inazungushwa na mkanda wa meno kutoka mbele ya injini. Kila pistoni ikisukuma inatuma petroli kwenye mrija wake wa chuma mpaka kwenye nozeli. Hapo ni kama dizeli tu. Sasa nani anaamua kiasi? Kuna koni ya chuma, na uso wa hiyo koni haujanyooka, una mabonde na vilima vilivyochongwa kwa hesabu. Koni inapokea amri mbili. Ya kwanza ni mguu wako kwenye ekseleta, ya pili ni mizunguko ya injini kupitia vyuma vizito vinavyotanuka vikizungushwa kwa kasi. Amri moja inaizungusha koni, nyingine inaisogeza mbele na nyuma, na kuna kidole kinachogusa uso wake kinapima pale kilipo kuna urefu gani, halafu kinaamua safari ya zile pistoni iwe ndefu au fupi. Kwa hiyo kila mchanganyiko wa mguu na mizunguko una sehemu yake kwenye ile koni. Gari za leo hiyo kazi inafanywa na kompyuta, ina jedwali lenye mizunguko upande huu na mzigo upande huu. Wahandisi wa Kugelfischer waliliweka jedwali lile lile kwenye chuma, wakakaa kwenye injini ya majaribio wakapima kila sehemu inahitaji petroli kiasi gani, wakachonga. Haina waya, haina sensa, na bado inajibu papo hapo ukigusa ekseleta. Mimi naiona kama kazi bora kabisa kwenye hii gari yote na inaniuma kwamba nyingi zilitolewa zikatupwa.

Mzee ameifungua yote. Pistoni mbili zilikuwa zimekwama kwa petroli ya zamani iliyoganda, amezilowesha, zimetoka bila mkwaruzo. Amesisitiza jambo moja na naliandika hapa kwa herufi zote: chujio safi na tangi safi. Pistoni zimelingana na vitundu vyake kwa usahihi mkubwa mno, maji kidogo au kutu ya tangi inaziua. Kwa hiyo tangi limetoka, limeoshwa, limepakwa ndani, mirija yote mipya.

Julai: linkeji

Hii sehemu haionekani ya maana ila kwa maoni yangu hapa ndo injini nyingi za KF zilipofia. Kati ya kipepeo cha hewa (kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) na koni ya pampu kuna vijiti na viungo vya mpira. Hewa inaamuliwa na kipepeo, petroli inaamuliwa na koni, na kitu pekee kinachowafanya waende pamoja ni hivyo vijiti. Kiungo kikilegea hata nusu milimita, kipepeo kinafunguka kabla ya koni haijasogea, gari inakosa petroli mwanzoni halafu ghafla inazidi. Inamisi, inatoa moshi mweusi, dereva anasema pampu mbovu. Fundi asiye na kitabu anaitoa pampu anafunga kabureta, wakati shida ilikuwa ni viungo vidogo vya bei rahisi. Siwezi kusema ndivyo ilivyokuwa kwa hii gari yangu, ila vijiti vya zamani nilivikuta kwenye buti ndani ya gunia, na viungo vyote vimelika.

Nimebadilisha vyote. Tumeset kipepeo kikiwa kimefunga kabisa na koni kwenye alama yake, ndipo tukafunga nati.

Julai, katikati: feni, na difu haraka haraka

Feni ya 404 haizunguki muda wote. Imekaa kwenye ekseli ya pampu ya maji lakini inakamatwa na sumaku ya umeme, maji yakichemka kiasi swichi inawasha sumaku feni inashika, yakipoa inaachia. Peugeot walikuwa na hii toka kwenye 403, gari iliyotangulia 404. Faida ni farasi kadhaa unazirudisha barabarani, injini inapasha haraka asubuhi, kelele inapungua. Kaboni ya kupeleka umeme ilikuwa imeisha, tumechonga ya mota ya grainda ikakaa vizuri.

Difu ni ya skrubu na gurudumu la shaba, siyo krauni na pinioni kama gari nyingi. Inapiga kimya na ni ngumu sana. Ila usiweke oili ya difu ya kawaida ya siku hizi yenye kemikali za salfa, zinaila shaba. Propela nayo iko ndani ya bomba la chuma linaloenda moja kwa moja mpaka difu, mawe hayaigusi. Ukiongeza springi za koili pande zote na shokapu ambazo Peugeot walitengeneza wenyewe, unaelewa kwa nini ilivuka masika. Nguvu ya injini peke yake isingetosha, gari nyingi zenye nguvu zaidi zilibaki kwenye tope.

Agosti: imewaka

Imewaka. Kwanza ilikohoa kwa sababu mirija ya nozeli ilikuwa na hewa, tukalegeza nati za nozeli moja moja tukapiga stata mpaka petroli ikatoka safi bila mapovu, tukakaza. Halafu ikashika silinda zote nne kwa mara moja. Sauti siyo ya 404 mnayoijua, ina mlio wa hewa mzito upande wa juu na ukiachia ekseleta inashuka safi.

Kwenye barabara ya kwenda Usa River tofauti ni kubwa hasa gia ya tatu, pale ambapo ya kabureta inaanza kuchoka hii inaendelea kuvuta. Fundi alikaa kiti cha mbele kimya, tuliporudi akasema tu "Kumbe hii ndiyo yenyewe."

Agosti, mwishoni: mwinuko

Sasa tuko kwenye jambo gumu. Nimesema koni inapokea amri mbili, mguu na mizunguko. Haijui uko mita ngapi juu ya bahari. Arusha iko kama mita 1,400, hewa ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Tanga au Dar. Pampu iliyosetiwa pwani ikija huku inapuliza petroli ile ile kwenye hewa pungufu, mchanganyiko unakuwa mzito. Kabureta nayo inazidisha ukipanda juu, ila siyo kwa kiwango hicho, kwa sababu hewa ikipungua hata mvuto wake wa petroli kwenye kabureta unapungua kiasi. Pampu haivutwi na mtu, inasukuma tu.

Na ukiset huku Arusha vizuri halafu ukashuka pwani, unakuwa mwepesi, na mwepesi kwenye kompresheni ya 8.8 joto linapanda na pistoni inaweza kutoboka. Kati ya makosa mawili afadhali uzito. Fikiria wale kina Shankland wanatoka usawa wa bahari wanapanda zaidi ya mita 2,000 ndani ya mashindano yale yale, wakati mwingine usiku mmoja.

Nilichoamua ni kuiset kwa plagi na siyo kwa sikio. Tumetoa kidogo kidogo kwenye marekebisho ya pampu, kila mara tunapanda mpaka Ngaramtoni kwa mzigo, tunazima injini ikiwa bado inavuta, tunatoa plagi zote nne tunaziangalia. Zilianza nyeusi, yaani petroli imezidi, sasa ziko kahawia na zote nne zinafanana, jambo ambalo kwenye kabureta sikuwahi kuliona. Nimeacha uzito kidogo makusudi kwa ajili ya kushuka Moshi na Same.

Septemba: kinachobaki

Dramu za mbele zinachongwa wiki ijayo, na hosi zote za breki mpya maana hii spidi sasa ni ya kweli. Kitasa cha mlango wa nyuma kulia kimekatika. Rangi itakuwa nyeupe ile ile, sitaki kuibadilisha. Baada ya breki nashuka nayo Tanga, nikifika natoa plagi tena kuona usawa wa bahari unasemaje, na matokeo nitayaandika hapa pamoja na kiasi nilichogeuza pampu, ili mwenye KF nyingine awe na pa kuanzia.

Natafuta herufi za nyuma za "Injection", za kwangu zimeng'olewa yamebaki matundu. Na kama kuna mtu ana hedi yenye milango minne ya hewa imekaa stoo haijulikani ni ya nini, asiiuze kwa chuma chakavu, aniambie kwanza.